Dizeli Inapoondoka Kisimani: Somo Kuhusu Umemejua na Bei ya Maji

Katika vijiji vingi ambako pampu ya maji iliendeshwa kwa jenereta, bei ya ndoo ilifuata bei ya dizeli. Mafuta yalipopanda, ndoo nayo ilipanda. Mafuta yalipokosekana, vilula vilikauka na akina mama wakarejea mtoni. Leo paneli za umemejua zinachukua nafasi ya jenereta hizo, na pamoja nazo limekuja swali linalosikika mara kwa mara katika mikutano ya vijiji: jua ni la Mungu, mbona maji bado yanalipiwa? Swali hilo ni la haki, nalo linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Kuinua lita 1,000 za maji, yaani ndoo 50 za lita 20, hadi kimo cha mita 100 kunahitaji, kwa kanuni za fizikia, robo yuniti ya umeme na ziada kidogo. Kwa kuwa hakuna pampu isiyopoteza nguvu, kiasi halisi huzidi nusu yuniti. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku, zipatikane ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kwa kiwango hicho, kijiji chenye watu 2,000 kinahitaji lita 50,000 kila siku, na kuziinua hutumia takribani yuniti 27. Jenereta ndogo hutoa yuniti tatu hivi kwa lita moja ya dizeli. Hesabu inafikia lita tisa kwa siku, au takribani 270 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu oili, vichujio na nauli ya kuyafuata mafuta mjini.

Kazi hiyo hiyo inaweza kufanywa na paneli zenye uwezo wa jumla wa kilowati 7 hadi 8, ambazo kwa ukubwa wa paneli za sasa ni kama 15 tu. Kati ya mwaka 2010 na 2020 bei ya paneli katika soko la dunia ilishuka kwa takribani asilimia 90. Jambo lililoonekana zamani kuwa la miradi ya wafadhili pekee sasa linajadiliwa katika mipango ya kawaida ya vijiji.

Wapo wanaouliza kuhusu usiku na siku za mawingu. Kwa pampu ya maji jibu ni jepesi kuliko kwa taa, kwa sababu tenki lililo juu ya mnara hufanya kazi ya betri. Jua la saa sita mchana hupandisha maji, na maji hayo hushuka yenyewe jioni kwa uzito wake. Tenki la kutosha siku mbili humaliza sehemu kubwa ya tatizo, tena halichoki haraka kama betri.

Hapa ndipo nishati nyingi na rahisi inapoanza kufungua milango mingine. Masika, wakati kaya nyingi zinapokinga maji ya mvua, pampu hupumzika ilhali paneli zinaendelea kuzalisha. Umeme huo wa ziada waweza kusaga mahindi, kupoza maziwa kabla hayajaganda, au kusaidia jokofu la zahanati, ambamo chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Bustani ya mboga ya shule yaweza kumwagiliwa kiangazi bila mtu kuhesabu lita za mafuta. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji uvumbuzi mpya. Kinachohitajika ni fedha za kununua mashine, na fundi aliye karibu.

Na fedha ndiyo inayorudisha swali la ankara. Dizeli ilikuwa na ukali wake, lakini ilifundisha nidhamu: asiyechangia leo hapati maji kesho. Umemejua hauna kumbusho hilo. Miaka ya kwanza kila kitu hufanya kazi, makusanyo hulegea, na kamati huona haya kudai. Paneli huweza kudumu miaka 25. Pampu iliyozamishwa kisimani na kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa pampu havidumu hivyo. Vinapoungua, gharama hufika mamilioni ya shilingi kwa siku moja, na kijiji kisicho na akiba hubaki na paneli zinazong'aa juu ya kisima kilichonyamaza.

Kwa hiyo ndoo ishuke bei, naam, na wananchi wana haki ya kudai ishuke, maana gharama ya mafuta imeondoka. Isishuke hadi sifuri. Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii, kinachosimamiwa na RUWASA chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, kinapaswa kuonyesha katika hesabu zake fungu la matengenezo peke yake, lisilochanganywa na posho.

Liko pia jambo ambalo haliozungumzwi sana. Bei ya dizeli ilizuia watu kuvuta maji kupita kiasi. Nishati ya bure huondoa kizuizi hicho. Katika jimbo la Punjab nchini India, ambako wakulima wamepewa umeme wa bure wa kuendeshea pampu kwa miaka mingi, kina cha maji ya ardhini kimeshuka sana. Hapa nchini vibali vya kutumia maji hutolewa na Bodi za Maji za Mabonde, chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2009, na kiwango kilichoandikwa katika kibali hakipandi kwa sababu jua ni kali.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwananchi anaweza kuomba yasomwe humo mambo matatu: makusanyo ya maji ya robo mwaka, salio la fungu la matengenezo, na kina cha maji kisimani kilivyopimwa mara ya mwisho.