SOMO LA NYUMBANI: KUKU WANGU ANA NINI?
Jinsi ya kumchunguza kuku anayeonekana hana afya

Katika toleo hili tunajifunza jambo linalogusa karibu kila nyumba: kuku wa uani.

Tangu mwaka 2023, mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda ulipoanza kutolewa kwa makundi matatu kulingana na uhitaji, familia nyingi zimejifunza kuhesabu upya kila kitu kilichomo nyumbani. Tetea mmoja ni chumvi, ni sabuni, ni daftari la mtoto, ni nauli ya kwenda hospitali. Kwa hiyo kuku akizubaa, mwenye nyumba hupata hofu, na mwenye hofu hukimbilia moja ya mambo matatu: kumchinja haraka, kumpeleka sokoni kabla hajafa, au kumpa dawa yoyote iliyo karibu. Lengo la somo hili ni kuweka hatua moja kabla ya hayo yote, nayo ni kuchunguza.

SEHEMU YA KWANZA: JE, NI MGONJWA KWELI?

Si kila kuku aliyebadilika ni mgonjwa. Kuna hali tatu za kawaida zinazowadanganya watu.

1. Kuatamia. Tetea anayetaka kuatamia hukaa kwenye kiota siku nzima, hujitutumua manyoya, hula kidogo, na hutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali mara chache kwa siku. Lakini macho yake ni maangavu, na ukimsogelea anakasirika na kudonoa. Mgonjwa hana nguvu ya kukasirika.

2. Kubadilisha manyoya. Kuku mzima hunyonyoka manyoya karibu mara moja kwa mwaka na kuacha kutaga kwa wiki kadhaa. Ukitazama ngozi yake utaona manyoya mapya yanachomoza kama miiba midogo. Anahitaji chakula kizuri, hahitaji dawa.

3. Joto. Jua likiwa kali kuku hufungua mdomo, huhema na kuachanisha mabawa na mwili. Mpe kivuli na maji. Jioni ikifika hali iondoke. Akiendelea kuhema kwenye ubaridi wa asubuhi, hapo ni ugonjwa.

SEHEMU YA PILI: HATUA NNE ZA UCHUNGUZI

Hatua ya kwanza: Mtazame kwa mbali, kabla ya kumkamata. Je, amejikunyata peke yake? Mabawa yameshuka? Anachechemea? Anahema kwa kukoroma? Kuku ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo huficha udhaifu wake akiona mtu anamjia. Ukimkimbiza kwanza, utapoteza nusu ya habari.

Hatua ya pili: Jiulize maswali. Alianza lini? Ni yeye peke yake au na wengine? Alikuja ghafla katika hali hii au polepole? Kuna kuku mpya aliyeingia uani katika wiki mbili zilizopita? Kuku wa majirani wakoje? Walichanjwa lini? Amekula nini: unga wenye ukungu, sumu ya panya, mbegu zilizotiwa dawa?

Hatua ya tatu: Mkamate umpapase. Gusa mfupa wa kifua. Ukiwa mkali kama kisu bila nyama pembeni, amekonda kwa muda mrefu. Tazama kilemba chake: chekundu ni afya, cheupe ni upungufu wa damu, cha zambarau ni hatari ya kupumua au ya damu. Angalia macho, pua na ndani ya mdomo. Papasa gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Asubuhi kabla ya kula, gole linapaswa kuwa tupu. Fungua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka tundu la nyuma utafute wadudu. Tazama miguu.

Hatua ya nne: Soma kinyesi. Kinyesi cha kawaida ni cha kahawia au kijivu, kina umbo, na juu yake kuna weupe kidogo. Mara chache kwa siku hutoa pia kinyesi laini cha kahawia kinachonata na kunuka. Hicho nacho ni cha kawaida. Kinachopaswa kukushtua ni damu, majimaji ya kijani, au manjano.

SEHEMU YA TATU: DALILI ZINASEMA NINI

Mdondo (wengine huuita kideri). Huja ghafla na kushika wengi. Kuku huzubaa, huharisha kijani, huhema kwa shida, wengine hupinda shingo au kupooza miguu na mabawa, na wengi hufa ndani ya siku chache. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu wote. Hauna dawa, una chanjo tu.

Homa ya matumbo ya kuku. Kuharisha manjano au kijani, kiu, kilemba kinapauka, kuku wakubwa wanakufa mmoja mmoja. Husababishwa na bakteria, na mganga wa mifugo anaweza kutoa dawa.

Kuharisha damu. Huwapata hasa vifaranga wa wiki 3 hadi 8 wanaolala mahali penye unyevu. Dawa yake ipo katika maduka ya mifugo, lakini bila kukausha banda ugonjwa utarudi.

Mafua ya kuku. Uso unavimba, macho yanafunga, pua inatoa ute wenye harufu mbaya. Yanatibika yakiwahiwa.

Ndui. Vipele na magamba kwenye kilemba, ndevu na kuzunguka macho. Huenezwa sana na mbu. Lainisha magamba kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, safisha macho, na umpe mgonjwa majani mabichi na maji. Wengi hupona, isipokuwa vipele vikiingia mdomoni na kooni.

Minyoo na wadudu. Kuku hukonda polepole, kilemba hupauka, mayai hupungua. Viroboto huonekana wazi wamejishikiza kwenye kilemba na kuzunguka macho. Paka mafuta ya kujipaka juu yao ili wakose hewa.

Gole kuziba. Gole ni gumu hata asubuhi. Mara nyingi ameza majani marefu au nyuzi za magunia ya plastiki. Mnyime chakula hadi kesho yake, mpe maji na matone machache ya mafuta ya kula, kisha ulisugue gole taratibu.

Yai kukwama. Tetea husimama wima kama mtu, hujikaza na kuingia kiotani bila kutaga. Mweke sehemu ya nyuma katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, paka mafuta kwenye tundu, mwache mahali pa giza na utulivu. Usijaribu kulivunja yai likiwa ndani.

SEHEMU YA NNE: TUJIFUNZE KWA MFANO

Tuseme mama mmoja ana kuku sita. Tetea mmoja ameacha kutaga, kilemba kimekuwa cheupe, kifua kimekuwa kikali. Jirani anamwambia, "Dada, huo ni mdondo, mchinje leo." Je, jirani amesema kweli?

Tufuate hatua zetu. Hali ilianza wiki tatu zilizopita, polepole. Mdondo hauendi polepole hivyo katika kuku wasiochanjwa, na wenzake watano ni wazima. Kinyesi ni cha kawaida, kwa hiyo homa ya matumbo si ya kwanza kushukiwa. Hakai kiotani, basi hataki kuatamia. Jambo moja linabaki mbele ya macho: kilemba cheupe. Damu imepungua. Swali sahihi sasa ni hili: nani anakunywa damu yake?

Mchana manyoya yanaonekana safi. Lakini kuna utitiri ambao mchana hujificha katika nyufa za fito na kuta, na usiku hutoka kumfyonza kuku. Kwa hiyo mama huyu anarudi saa tatu usiku na tochi, anapitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanapolala kuku. Kitambaa kinatoka na nukta nyekundu zinazotembea. Jibu limepatikana, na wala si mdondo.

Dawa ya kwanza hapa ni ya banda. Anatoa fito, anazimwagia maji yanayochemka, anaziba nyufa kwa udongo, anachoma nyasi za kiota, kisha anapaka kuku wote unga wa kuua wadudu kutoka duka la mifugo kwa kipimo kilichoandikwa. Baada ya siku 7 anarudia, kwa sababu mayai ya utitiri yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Kama kuku analala ndani ya nyumba ya watu, na watoto wanaamka wakijikuna, sababu inaweza kuwa hiyo hiyo.

Angalieni: kama angefuata hofu, angepoteza tetea anayeweza kupona, na watano waliobaki wangeendelea kunyonywa.

SEHEMU YA TANO: LA KUFANYA SIKU YA KWANZA

a) Mtenge mgonjwa. Kapu lililofunikwa kwa wavu linatosha. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni. Virusi vya mdondo vinaweza hata kumletea mtu wekundu wa macho.
b) Mpe maji safi, joto na chakula laini. Kuku mgonjwa anaweza kufa kwa kiu kabla ya ugonjwa wenyewe kumuua.
c) Usimpe vidonge vya watu, vile vya rangi mbili tunavyovifahamu. Havitibu mdondo, kipimo chake hakijulikani kwa kuku, na mabaki yake huingia kwenye mayai wanayokula watoto wako.
d) Ukipewa dawa na mganga wa mifugo, muulize ni siku ngapi hampaswi kula mayai na nyama.
e) Wakifa wengi kwa ghafla, usiwapasue wala kuwala. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Januari 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa hapa Uganda kandokando ya Ziwa Victoria, katika ndege wa porini na wa kufugwa. Mizoga izikwe kwa kina ambacho mbwa hawawezi kufukua.

SEHEMU YA SITA: KUKU WANGU NA KUKU WA JIRANI

Hapa kuna jambo gumu, na tuliseme wazi. Kuku wangu akianza kuugua mdondo, bado anaweza kupata bei sokoni asubuhi ya leo. Kesho hana bei. Shilingi hizo nazihitaji kweli. Lakini anayemnunua ni mkimbizi kama mimi, na kwake kuna kuku wanne ambao ni akiba yake yote. Ndani ya wiki mbili nao watakuwa wamekufa, na ugonjwa utarudi kupitia njia ile ile hadi kwa dada yangu, hadi kwa mama mkwe wangu. Katika makazi ambamo kuku wanatembea huru, hakuna uani ulio peke yake. Anayeuza mgonjwa anahamisha hasara kwa mwenzake, na mara nyingi hasara hiyo hurudi kwake.

Njia iliyo bora ni chanjo ya pamoja. Chanjo iitwayo I-2 ilitengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, nayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingi nyingine. Hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila miezi 3 hadi 4. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Kwa hiyo nyumba kumi zichange, zichague siku moja, na zichanje wote. Chanja kuku wazima tu, kabla ugonjwa haujaingia, kwani kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Na kila kuku mpya akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenzake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Utamtofautishaje tetea anayeatamia na tetea mgonjwa?
2. Kwa nini tunamtazama kuku kwa mbali kabla ya kumkamata?
3. Katika mfano wetu, ni dalili zipi zilizoonyesha kwamba si mdondo?
4. Jirani yako mhitaji anataka kuuza kuku mgonjwa. Utamwambia nini, na kikundi chenu kinaweza kumsaidiaje ili asilazimike?
5. Katika mtaa wenu, nani atachukua daftari na kuandika idadi ya kuku wa kila nyumba, ili mjue mnahitaji chupa ngapi za chanjo?

Swali la tano lisiishie kwenye mazungumzo. Jibuni kabla hamjatawanyika.