Dondoo muhimu: Suruali ya ofisini msimu wa mvua Kigoma

Mfanyakazi anayetembea kutoka Ujiji au Mwanga hadi ofisini mjini Kigoma katika miezi ya mvua, takriban Novemba hadi Aprili, azingatie haya:

1. Achague pamba iliyochanganywa na poliesta, yaani nyuzi za kiwandani zinazonyonya maji kidogo, kwa kuwa hukauka haraka kuliko pamba tupu.
2. Aepuke jinzi, ambayo ikilowa huwa nzito na huchelewa kukauka.
3. Apendelee rangi ya kahawia iliyokolea, isiyoonyesha upesi madoa ya udongo mwekundu.
4. Fundi apunguze pindo liishie kwenye kifundo cha mguu, kwani linaloburura hunyonya maji.
5. Suruali ya mtumba ikaguliwe mwangani, hasa sehemu ya mapaja inayosuguana, kabla ya kulipiwa.
6. Tope liachwe likauke ndipo lipigwe brashi, kwa sababu likifutwa bichi huzidi kupenya kitambaa.