Kansere ya Macho ya Mtoto: Kichwa Nacho Kipimwe

Wazazi, mkiona mboni ya jicho la mtoto inang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, mpelekeni kwa munganga siku hiyo hiyo. Makengeza mapya nayo ni dalili. Inaweza kuwa retinoblastoma, kansere ya jicho inayoshika watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5. Ni ugonjwa wa nadra: mtoto 1 hivi kati ya 15.000 au 20.000 wanaozaliwa. Hauambukizi, wala hakuna jirani aliyeutuma.

Karibu wagonjwa 40 kati ya 100 wana kosa la jini RB1 katika mwili mzima. Mara nyingi kosa hilo limeanza kwa mtoto mwenyewe. Baba na mama hawana. Watoto hao ndio wanaoweza kushikwa macho yote mawili. Na wachache wao, 3 mpaka 5 hivi kati ya 100, huota uvimbe mwingine katikati ya ubongo, zaidi kwenye tezi pineali, iliyo ndogo kama punje ya mchele. Uvimbe huo haukusafiri toka jichoni, umezaliwa hapo hapo.

Basi, kutibu macho hakumalizi kazi. Jicho lililoharibika sana hutolewa, na wazazi wengine wakisikia hivyo wanakimbia na mtoto. Uchungu wao naufahamu, lakini kansere iliyofichwa nyumbani huua. Uvimbe wa ubongo hutibiwa hospitali kubwa: operesheni, kisha dawa kali za kemoterapi. Kabla ya dawa kali zaidi, chembe za damu za mtoto huwekwa akiba, halafu anarudishiwa. Zamani karibu wote walikufa. Leo, uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, wengine wanapona. Picha ya kichwa ni afadhali iwe ya IRM, maana haina mionzi, na mionzi inaweza kuwaletea watoto hawa kansere nyingine.

Mtoto aliyetibiwa jicho akianza kutapika asubuhi, kuumwa kichwa au kusinzia mno, msimpe vidonge vya malaria nyumbani na kungoja. Kwa mtoto mchanga, kichwa hukua upesi, kwa kuwa maji ya ubongo yamezibiwa njia. Mkifika dispensari, semeni kwanza: "Huyu alitibiwa kansere ya jicho." Na wadogo zake wapimwe macho tangu kuzaliwa.