Somo Letu: Intaneti Ikienda Polepole Nyumbani

Ni siku ya mwisho ya kutuma fomu ya chuo. Mtoto amekaa kwa kompyuta, ukurasa haufunguki. Usikimbilie kununua bando kubwa. Fanya hivi kwanza:

1. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, zima vifaa vingine, kisha pima kasi. Ikiwa nzuri, shida iko kwa Wi-Fi. Ikiwa mbaya bado, mpigie anayekuuzia intaneti.

2. Toa ruta kabatini. Iweke juu, katikati ya nyumba. Ukuta wa mawe na mabati hupunguza nguvu yake.

3. Ruta nyingi zina masafa mawili. Gigahezi 5 ina kasi lakini haifiki mbali. Gigahezi 2.4 hufika mbali, lakini huvurugwa na ruta za majirani, hata maikrowevu.

4. Windows hupakua masasisho kimyakimya. Kwenye mipangilio, iambie kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo; mengi yatangoja. Fomu ikishaenda, yaruhusu, kwani hulinda kompyuta.

Swali la kujadili: Ruta yenu iko wapi, na ni nani aliyeiweka hapo?