Somo la leo: mamlaka na kinga

Leo tunachukua maneno ya mahakamani. Anayepeleka kesi ni mlalamikaji. Anayeshtakiwa ni mshtakiwa. Lakini kabla ya kuwasikiliza wote wawili, hakimu anajiuliza: kesi hii inanihusu? Ile haki yake ya kuisikiliza inaitwa mamlaka. Bila mamlaka, hata ukiwa na ushahidi wa kujaza gunia, unarudishwa mlangoni.

Mfano uko hapa Brussels. Mwaka 1993 Ubelgiji ilitunga sheria ya kushtaki makosa makubwa ya vita popote yalipofanyika duniani. Mwaka 1999 mauaji ya kimbari yakaongezwa. Juni 2001, katika lile jengo kubwa lenye kuba pale Poelaert, Wanyarwanda 4, wakiwemo watawa 2 wa kike, walihukumiwa kwa mauaji ya 1994.

Kesi nyingine ilihusu Kongo. Aprili 2000 hakimu wa Brussels alitoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia Ndombasi, akidaiwa kuchochea chuki dhidi ya Watutsi kwa hotuba za Agosti 1998. Hati ilipotoka, yeye alikuwa waziri wa mambo ya nje. Kongo ikaishtaki Ubelgiji The Hague, na tarehe 14 Februari 2002 ikashinda: waziri wa mambo ya nje aliye kazini ana kinga mbele ya mahakama za nchi nyingine. Hati ikabidi ifutwe.

Kinga! Sisi wauguzi tunalitumia neno hilo kila siku kwa chanjo. Hapa pia inazuia kitu kisikufikie. Ila haisemi kwamba mtu hana kosa, na wengi huchanganya hapo.

Malalamiko yakazidi, hadi dhidi ya Ariel Sharon na George Bush mzee. Marekani ikatishia kutotoa pesa za makao mapya ya NATO hapa mjini. Agosti 2003 sheria ikafutwa, ikaja nyembamba zaidi.

Wazazi, hapa ndipo panapouma. Siku hizi, kwa kawaida, mshtakiwa awe Mbelgiji au mkazi wa Ubelgiji. La sivyo, wakati wa tukio aliyeumizwa awe Mbelgiji, au mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa na kuishi hapa, au awe ameishi hapa miaka 3 kabla ya tukio. Aliyeumizwa Kivu kisha akakimbilia Molenbeek, miaka yake ya hapa haihesabiwi. Lakini kama aliyemuumiza naye amehamia Ubelgiji, mlango uko wazi. Mimi naona kipimo hicho ni kikali mno kwa wakimbizi.

Zoezi la nyumbani:
Tunga sentensi kwa kila neno: mlalamikaji, mshtakiwa, hati, mamlaka, kinga.
Watoto wakubwa, jadilianeni na wazazi kwa Kiswahili: waziri akishaacha kazi, kinga yake ibaki au iishe? Andikeni mistari 5, mje nayo Jumamosi.