Nani Atamsemea? Barnaba, Don Bosco na Kijana Asiye na "Mtu"



Leo fungua Biblia yako, Matendo ya Mitume sura ya 9, mstari wa 26 hadi 28. Soma taratibu, kisha rudi hapa.

Umeona? Sauli ameshaongoka, ameshabatizwa, Damasko ameshahubiri. Anafika Yerusalemu anataka kujiunga na wanafunzi, nao wanamwogopa. Wanaijua historia yake. Wito anao, moyo anao, ila hana wa kumsemea. Ndipo Barnaba anamchukua, anampeleka kwa mitume na kuwaeleza habari zake. Kuanzia hapo Sauli anaingia na kutoka pamoja nao. Kwa kawaida tukifika hapa tunamtazama Sauli. Mimi leo namtaka Barnaba.

Mtaani tunasema kupata kazi lazima uwe na "mtu". Mtoto wa meneja akitaka nafasi ya fildi, baba anapiga simu moja, Jumatatu kijana yuko ofisini. Sasa yule aliyelelewa na bibi yake, akaishia darasa la saba, huyo "mtu" atamtoa wapi?

Mwaka wangu wa uchungaji nilikabidhiwa vijana wa parokia. Tulikaa na viongozi wa VIWAWA (tusisahau kirefu chake ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, maana kuna mahali tunajua kwaya na mpira tu) tukaamua kuzunguka kwenye makampuni kuomba nafasi za mafunzo kazini kwa vijana wa familia zenye hali ngumu. Tukapata sita. Barua niliandika mwenyewe, muhuri wa parokia ukagongwa, siku ya kuwapeleka nikapiga nao picha. Nilijiona nimemaliza kazi.

Wiki ya tatu nikapigiwa simu: kijana wenu mmoja hajaonekana siku nne. Nikaenda kwao, nikamkuta amekaa nje anamenya mihogo na bibi. Kumbe nauli ilikuwa imeisha. Sisi hatukuwa tumeuliza habari ya nauli hata mara moja. Kumwambia msimamizi wake aliona aibu, na mimi tangu siku ya picha sikuwa nimempigia. Kampuni haikumpokea tena. Niliwakasirikia siku mbili hivi, halafu nikaona wa kukasirikiwa ni mimi.

Baada ya hapo nikarudi kusoma habari za Mtakatifu Yohane Bosco kwa jicho lingine. Akiwa padre kijana pale Torino, kuanzia mwaka 1841, alitembelea magereza na kuwakuta vijana waliokuwa wakitoka na kurudi tena, kwa sababu nje hapakuwa na mtu wa kuwajali. Aliwatafutia kazi kwa mafundi, kisha akawa anawafuata huko huko kazini. Baadaye akaingia kwenye mikataba. Upo mmoja wa Februari 1852, kati ya fundi seremala na kijana mwanagenzi, na Don Bosco na baba wa kijana wametia saini pia. Fundi anaahidi kumfundisha useremala na kutomgeuza mtumishi wa kazi nyingine. Akikosea, amrekebishe kwa maneno, siyo kwa kipigo. Sikukuu awe huru, na kwa mwaka apate likizo ya siku 15. Malipo yanapanda kadiri ujuzi unavyopanda. Na Don Bosco naye anaahidi kusaidia ili mwenendo wa kijana uwe mzuri. Hiyo ahadi ya mwisho ndiyo iliyonichoma, kwa sababu kwenye barua zangu haikuwepo.

Mwaka ule ule tukaanza upya. Kila kijana akapewa mlezi wa kujitolea kutoka parokiani: mama mmoja mhasibu mstaafu, fundi umeme, mwalimu. Mlezi si bosi wake, wala si mtu wa kumkopesha hela. Anampigia kila Ijumaa, anamsikiliza, na kukiwa na jambo anazungumza na msimamizi kabla halijaharibika. Makubaliano yakawa ukurasa mmoja: kazi gani, saa ngapi, nani anamfundisha, nauli inatoka wapi. Aliye chini ya miaka 18, mzazi anasaini, na mlezi anakutana naye pale parokiani mahali pa wazi, siyo chumbani kwa mtu.

Mama mhasibu ndiye aliyenifundisha kuliko wote. Aligundua kwamba binti aliyekabidhiwa alikuwa hathubutu kuuliza. Nyumbani alizoea kwamba ukiuliza unafokewa, kwa hiyo kazini akawa anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu halafu anakosea. Wale ofisini wakadhani ni mvivu. Jumamosi mbili mama alikaa naye kwenye benchi la nje ya kanisa wakifanya zoezi la sentensi moja tu: "Samahani, sijaelewa, naomba unielekeze tena." Nimesoma falsafa miaka mitatu, na Aristotle anafundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Sawa kabisa. Ila kwanza lazima mtu akuruhusu kushika tofali, na ukiliangusha asikufukuze.

Yule kijana wa nauli nilimfuata nikamwomba msamaha. Msamaha alinipa, nafasi ya pili akaikataa. Alisema, "Frateri, wale walinicheka." Mpaka naondoka parokia ile alikuwa hajabadili msimamo, ingawa mama mhasibu alikuwa bado anamsubiri baada ya Misa ya kwanza kumsalimia na kumuuliza hali ya bibi.

Kwa wiki hii, kwenye jumuiya yenu mjadili: nani kati yetu yuko kazini tayari na anaweza kumsemea kijana mmoja pale alipo? Nani amestaafu na ana Ijumaa moja ya kupiga simu? Andikeni majina, mpelekeeni mlezi wa vijana wa parokia. Na nauli mwiulize mapema.

Mtakatifu Barnaba, utuombee. Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.