Mafunzo Niliyopata Nikiwa Katibu wa Mikutano ya Mwendokasi

Mabasi ya Mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza kubeba abiria Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, nilikuwa abiria tu. Kilomita 20.9 za njia ile nilizijua kwa kuchungulia dirishani. Miaka kadhaa baadaye zamu ikafika kwenye barabara yetu, katika mojawapo ya awamu zilizofuata, na mkutano wa mtaa ukanichagua kuwa katibu wa kamati ya malalamiko. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani kaja, kasema nini, kajibiwa nini. Nimejaza kaunta buku tatu, na haya ndiyo niliyojifunza humo.

1. Saa ya mkutano ndiyo inayochagua wasemaji

Mkutano wa kwanza uliitishwa Jumatano saa nne asubuhi, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. Walikuja wenye nyumba, wastaafu na wajumbe wa mashina. Ni watu ninaowaheshimu, ila si wao wanaogombania daladala saa kumi na moja alfajiri. Wagombania daladala walikuwa makazini, na mama lishe walikuwa wamesimama kwenye majiko yao. Usiku nilipopitia orodha ya mahudhurio nikakuta wapangaji wawili, na mtaa wetu umejaa wapangaji.

Tukaomba mkutano urudiwe Jumapili saa kumi jioni. Viti havikutosha, watu wakakaa juu ya matofali ya jirani. Swali la kwanza lilitoka kwa kijana wa bajaji: mabasi yakianza, sisi tutaegesha wapi ili tumchukue abiria anayeingia mitaa ya ndani? Jumatano hakuna aliyeliwaza swali hilo, wala mimi.

2. Saini ya mahudhurio si ridhaa

Hili liliniuma kuliko yote. Jumatano ile bibi mmoja, ambaye nyumba yake iko kona ya barabara, alipokea kalamu kisha akasita. "Mwanangu, hapa nasaini kwamba nimekuja au kwamba nimekubali?" Nikamjibu, "Umekuja tu, bibi." Akaandika herufi moja moja, na jina la baba yake likavuka mstari wa kisanduku likaingia kwenye safu ya namba za simu.

Baada ya miezi kadhaa nikaonyeshwa taarifa ya washauri walioendesha mikutano ile. Ilisema wananchi wa mtaa wetu wameridhia mradi. Ushahidi wake ulikuwa umeambatishwa nyuma: orodha yetu ya mahudhurio. Niliitambua saini ya bibi kwa lile jina lililovuka mstari. Mimi ndiye niliyempa kalamu, na mimi ndiye niliyemtoa wasiwasi.

Nilikwenda kumweleza. Alinisikiliza huku akichambua mchicha, hakuinua sauti. Akasema barabara haipingi, wajukuu zake wanachelewa shule kila siku. Anachotaka ni kuulizwa, na akijibu, jibu lake liandikwe kama alivyolitoa. Kamati ikaandika barua, na taarifa ikarekebishwa: neno "wameridhia" likawa "walihudhuria", na hoja zetu zikaorodheshwa moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo, juu ya kila karatasi ya mahudhurio naandika kwa mkono wangu: NIMEHUDHURIA. SIJAKUBALI WALA KUKATAA. Na muhtasari nausoma kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, ili niliyemnukuu vibaya anisahihishe palepale.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe tathmini ya athari inapofanyika. Naipenda sheria hiyo. Ndiyo maana siwezi kukubali ushiriki wa watu ugeuzwe kuwa hesabu ya saini.

3. Ramani isomewe barabarani

Wahandisi walibandika ramani ukutani, ndefu, nzuri, yenye rangi. Wakauliza kama kuna maswali. Kimya. Mtu hawezi kuuliza kuhusu mstari wa kijani asioujua unapita mbele ya duka la nani.

Jumamosi iliyofuata tukatembea nao. Mhandisi mmoja kijana, mwungwana sana, alishika futi kamba akavuta kutoka katikati ya barabara hadi mita 30, mwisho wa hifadhi ya barabara, na kijana mwingine akamwaga chokaa pale ilipoishia. Chokaa ikapita kwenye ukumbi wa nyumba moja, ikakata benchi la mama lishe katikati. Hapo midomo ikafunguka. Wahandisi wakaonyeshwa watoto wa shule wanapovukia. Mzee mmoja akawapeleka kwenye ukuta wa msikiti, akawawekea kidole kwenye alama ya maji ya masika, usawa wa kiuno chake. Mhandisi akaipiga picha, akaandika kwenye daftari lake.

Nilifurahi kumwona akiandika, kwa sababu kila mtu wa Dar es Salaam anaijua karakana ya Mwendokasi ya Jangwani. Ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, ikafurika zaidi ya mara moja, mabasi yakaharibika na safari zikasimama. Wakazi wa bonde lile wanajua maji yanapopita. Kuhusu mkondo wa maji, aulizwe aliyewahi kuhamisha godoro usiku.

4. Mwenye nyumba ana hati, mpangaji ana sufuria

Kwenye fidia mwenye nyumba ana pa kushika. Kanuni zinataja thamani ya ardhi na nyumba, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, pango la miezi 36, na faida ya biashara iliyopotea. Lakini faida inataka hesabu, na mama lishe wetu hesabu yake iko kichwani. Anajua anapika kilo ngapi za mchele na anadaiwa shilingi ngapi na muuza mkaa. Leseni hana, kitabu hana.

Tukakaa naye jioni tatu, tukaandika mapato yake ya kila siku kwa mwezi mzima. Nilijifunza pia kwamba miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia ina masharti yanayomtambua hata asiye na haki ya ardhi: halipwi ardhi, lakini hasara ya alichokijenga na riziki yake haviachwi. Sharti ni awe amehesabiwa kabla ya tarehe ya mwisho ya kuorodheshwa. Tarehe hiyo itangazwe sokoni na misikitini na makanisani. Yetu ilibandikwa mlangoni pa ofisi, na mpika chapati mmoja aliyekuwa amekwenda kijijini kuuguza mama yake alirudi akakuta imeshapita. Kesi yake tuliiandika mara tatu kabla hajaongezwa.

5. Jua swali ni la meza ipi

Mikutano minne mfululizo watu waliuliza nauli itakuwa kiasi gani, na mara zote nne wahandisi waliangaliana. Si dharau. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, yenye utaratibu wake wa kukusanya maoni. Tungeambiwa mapema, tungekwenda huko.

6. Hata "hapana" irudishwe mtaani

Majibu yalipokuja niliyaandika kwa herufi kubwa nikayabandika ubao wa ofisi ya mtaa, hoja upande wa kushoto, jibu upande wa kulia. Kivuko cha shule: kimesogezwa mpaka pale watoto wanapovukia. Mtaro wa msikitini: umepanuliwa kwenye mchoro. Kituo cha ziada karibu na soko: hapana, vituo vingekaribiana mno na basi lingepoteza mwendo. Nilitegemea makelele juu ya hiyo hapana. Watu walisoma sababu, wakabishana kidogo, wakaenda sokoni.

Bibi wa kona alimwita mjukuu wake amsomee ubao wote, kuanzia juu hadi chini.

Kwenye kaunta buku ya tatu imebaki hoja moja: maegesho ya bajaji. Safu ya jibu iko wazi. Jumatatu nakwenda kuuliza tena, na yule kijana amesema safari hii tutakwenda pamoja.